Fundi wa Majengo anayeshona mahema yetu ya mlimani: nimetumia kazi zake miezi minane

Tangu vuli ianze nimeulizwa na watu wasiopungua kumi kuhusu begi la shule la binti yangu: limeshonwa wapi, shilingi ngapi, na ni kweli halipitishi maji? Wengi ni wenzangu wa kazi Mlima Kilimanjaro, wengine ni wazazi tunaoonana asubuhi shuleni. Nimeona niandike yote mahali pamoja, mazuri na mabaya, maana kazi za fundi huyu ziko nyumbani kwangu kwa miezi minane sasa na nina la kusema.

Fundi mwenyewe ni mama wa makamo, kibanda chake kiko Majengo, hapahapa Moshi. Ameniomba nisiandike jina lake wala namba, kwa sababu oda alizo nazo zinamtosha. Ukifika Majengo ukauliza kwa fundi wa mahema, hata mtoto atakupeleka. Kibanda ni cha mabati, ndani kuna cherehani mbili: Singer nyeusi ya miguu ambayo ni ya miaka mingi, na nyingine ya umeme anayoitumia kwenye mikanda na sehemu nene. Hashoni gauni wala sare ya shule. Anashona vifaa vya mlimani vilivyochoka tu: mahema, makoti ya mvua, mifuko ya kulalia, geta tunazofunga juu ya buti, mabegi ya wageni yaliyopasuka. Anavigeuza mifuko ya soko, mabegi ya shule, blanketi, aproni.

Niseme mimi ni nani, ili mjue napima kwa macho gani. Ni mpishi wa mlimani. Nilianza 2008 kama mgumu, yaani mbeba mizigo ya wageni, nikabeba miaka mitano, ndipo nikaingia jikoni. Jiko letu ni hema. Kila kambi ndilo la kwanza kusimama na la mwisho kung'olewa. Leo linalowa ukungu wa msitu wa Machame, kesho linakula vumbi la Shira, na ukifika Barafu, mita 4,673, upepo unalitikisa usiku kucha mpaka unashika mlingoti kwa mkono mmoja na mwiko kwa mwingine. Ongeza mvuke wa supu na mafuta ya kukaangia. Misimu mitatu, minne, hema limekwisha.

Likiisha linakwenda wapi? Mara nyingi linachomwa. Nimeshuhudia mahema sita yakichomwa nyuma ya stoo ya kampuni moja hapa mjini. Nailoni haiungui kama kuni. Inayeyuka, inadondosha matone meusi yenye moto, na moshi wake unakukaba koo hata ukiwa mbali. Watoto wa jirani walikuwa wanaokota yale matone yakishapoa, wanayachezea. Nilitoka pale nimekasirika, kwa sababu yale mahema nayajua moja moja. Nimeyakunja kwa mikono hii saa kumi na mbili asubuhi, vidole havina hisia kwa baridi.

Kutengeneza kitu kipya kwa kilichochakaa si jambo la kuja na ndege. Baba yangu alivaa katambuga za tairi mpaka anazeeka, na mimi nimesomea koroboi ya kopo la maziwa. Lakini nguo na mahema ya mlimani nilikuwa nayaona kama mali ya wageni, yakiisha yameisha. Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa Uswisi niliyempikia njia ya Lemosho mwaka 2016. Alikuwa na kibegi cha begani cha turubai gumu, kina nusu ya herufi kubwa ubavuni, kama vile imekatwa njiani. Akanieleza ni Freitag, kinashonwa Zürich, ambako ndugu wawili, Markus na Daniel Freitag, walianza mwaka 1993 kushona mabegi kwa maturubai ya malori yaliyochoka, mkanda wakiutoa kwenye mikanda ya usalama ya magari na ukingo wakiupata kwenye mipira ya ndani ya baiskeli. Nilikigeuza kile kibegi, nikakikagua mshono kwa mshono kwenye mwanga wa taa ya kichwani. Nikasema moyoni, hiki kitu Moshi tunakiweza, na malighafi tunaichoma.

Nilijaribu kwanza kwa fundi mwingine, si huyu, ambaye sitamtaja. Nilimpelekea hema kuukuu la kulala watu wawili, akanishonea begi zuri kwa macho, rangi ya machungwa kabisa, akatumia paa zima bila kiungo. Lilidumu wiki tano. Siku moja nimetoka sokoni na viazi, kitako kikafunguka chote kwa mara moja, viazi vikatapakaa barabarani mpaka mtaroni. Haukuwa mshono ulioachia. Kitambaa chenyewe kilipasuka pembeni ya mshono. Sikuelewa kwa nini mpaka nilipofika kwa mama wa Majengo.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye thamani yote ya huyu mama.

Nilimpelekea gunia lenye hema la jiko na mahema mawili ya kulala, ambayo kampuni ilikuwa imeyatoa stoo nikayaomba. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitika, "Marahaba mwanangu, mwaga uani." Hakuuliza nataka begi la namna gani. Alilitandaza hema la jiko juani, akapiga magoti, akakata kijichanjo ukingoni mwa paa kwa mkasi, kama upana wa kidole. Akashika pande mbili za ule mkato akavuta. Paa likachanika moja kwa moja kwa sauti ndogo, kavu, kama unachana karatasi ya daftari. Akahamia chini ya ukuta, shubiri mbili kutoka ardhini, akakata vilevile, akavuta. Kitambaa kikagoma. Akavuta tena mpaka mishipa ya mikono ikamtoka, kikagoma.

"Hili paa limekufa," akaniambia. "Huku chini bado ni kizima. Jua limekula juu."

Nilijua jua la mlimani ni kali, midomo yetu ni shahidi. Kila ukipanda mita 1,000 mionzi ya UV inaongezeka kwa takriban asilimia 10, na mahema yetu yanakaa juu ya mita 3,000 msimu mzima. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba hema moja linaweza kuwa na kitambaa kilichokufa na kilicho hai kwa pamoja. Begi langu la machungwa lilishonwa kwa paa. Lilikuwa limekufa kabla halijashonwa.

Hakuishia hapo. Aligeuza kitambaa ndani nje akakisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Sehemu moja ilitoa vumbi jeupe, magamba madogo kama mba. Ile ni ngozi ya plastiki inayopakwa ndani ili maji yasipite, na ikianza kubanduka huwezi kuirudisha. Akanusa. Hema moja la kulala lilikuwa na harufu chachu, kama matapishi ya mtoto mchanga, na ukilikunja linajinata lenyewe. Akalisukuma pembeni bila kuliangalia mara ya pili. Alisema hiyo harufu haitoki kwa sabuni wala kwa jua, na ukishona begi la shule kwa kitambaa hicho, utando wote utahamia kwenye madaftari ya mtoto.

Mwisho ni maji. Alichukua bakuli la plastiki, akafunika mdomo wake kwa kitambaa, akafunga kwa mpira, akabonyeza katikati pakawa na kishimo, akamimina kikombe cha maji. Kisha akaenda kuchemsha chai. Tulikunywa, tukaongea habari za mvua na bei ya unga, tukarudi. Ndani ya bakuli kulikuwa kukavu. Kipande cha pili alichopima kilikuwa kimetoa jasho kwa chini, matone madogo madogo. Hicho akakitenga kwa ajili ya aproni na mifuko ya vitu vikavu.

Kwenye gunia zima, mahema matatu, alipata kitambaa cha kufaa kama theluthi moja: kuta za chini za jiko, sakafu ya lile hema jingine la kulala, na zipu. Zipu alizichomoa zote, za YKK, akazisugua kwa mswaki kutoa vumbi la mlima, akazipitishia mshumaa. Mikanda na vishikizo vya plastiki navyo vilikwenda kwenye kopo lake. Nilipomtazama akifanya hivyo nilifurahi kama mtu aliyeona mnyama wake anachinjwa kwa heshima, hakuna kinachotupwa ovyo.

Jambo jingine nililoliona, ambalo fundi wa kawaida hafanyi: hatumii pini. Anabana vitambaa kwa vibanio vya kuanikia nguo, kumi na tano, ishirini, vimepangwa ukingoni kama ndege kwenye waya. Tundu la pini kwenye kitambaa cha mvua halizibi, ni mlango wa maji. Kwa sababu hiyohiyo hapendi kufumua na kushona tena. Anakata mara moja, anashona mara moja. Mshono anaukunja mara mbili kama wa ubavuni mwa suruali ya jinzi, kisha anaupitishia nta.

Sasa kazi zenyewe.

Mfuko wa soko nililipia shilingi 7,000. Umeshonwa kwa ukuta wa hema la jiko, kijani iliyopauka, na mikono yake ni mikanda ya begi la mgeni. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini Juni mosi 2019, mke wangu amenunua ile mifuko mbadala mingi isiyo na idadi, na yote inaishia kutoka mkono ukiweka sukari kilo mbili na ndizi. Huu nimeupima kwa njia ninayoijua. Niliujaza maharage kilo 20, kile kikomo cha mzigo wa mgumu kinachopimwa getini, nikautundika kwenye tawi la mparachichi jioni, nikaufuata asubuhi. Mishono ilikuwa palepale. Miezi minane ya soko la Mbuyuni, mara tatu kwa wiki, na haujatoka uzi. Ubavuni umebaki na maandishi ya kalamu nene ambayo niliyaandika mwenyewe zamani stoo: JIKO 3. Nilimwambia fundi ayaweke ndani yasionekane. Akayaweka nje. Mke wangu alipouona alinishukuru zaidi kwa hayo maandishi kuliko kwa mfuko, na sasa wauza mboga wanamwita kwa jina hilo. Huu mfuko nauchukulia kuwa bora kuliko vyote anavyoshona, na ndio wa bei ya chini.

Begi la shule ni 28,000. Najua mtasema begi la mtumba au la Kichina unalipata kwa chini ya hapo, na ni kweli. Nimenunua mawili kabla ya hili. Moja zipu ilikufa muhula wa kwanza, jingine lilitoka mikanda.

Hili limetoka kwenye koti langu jekundu la mvua. Nililipewa Mweka getini na mgeni mama mmoja, alilivua mwilini akanipa pamoja na tipu, nami nikalivaa miaka tisa. Mwishoni lilikuwa halizuii kitu; ule utando wa ndani ulikuwa unajikunja na kutoka kama ngozi ya nyoka, na mvua ikinyesha najikuta nimelowa kuliko niliyevaa sweta. Sikuweza kulitupa. Fundi alilikagua, akaniambia ukweli kwamba mgongo na mabega yamekwisha, mikanda ya begi la jiko imeyasaga, lakini kifua na mikono ni vizima kwa nje. Basi mfuko wa mbele wa begi ni mfuko wa kifua wa koti langu, mzima mzima, na zipu yake ileile ambayo nimeifungua maelfu ya mara kutafuta kiberiti. Kitako na kuta za ndani ni sakafu ya hema. Mgongoni ameweka kipande cha mkeka wa sponji wa kulalia, unene wa kidole, hivyo kitabu hakimchomi mtoto. Kofia ya koti imekuwa kifuniko cha mvua: inakunjwa ndani ya mfuko mdogo chini ya begi, mvua ikija binti anaivuta juu ya begi lote na kuikaza kwa kamba yake.

Je, halipitishi maji? Kwa mvua ya kutembea dakika ishirini, halipitishi. Kwa mvua kubwa ya saa nzima bila kile kifuniko, linaingiza kidogo kwenye zipu ya juu. Nimelijaribu kwa kuliweka nje likiwa na magazeti ndani. Pembe mbili za magazeti zililowa.

Kasoro. Wiki ya tatu mkanda wa kulia uliachia juu. Alikuwa ameushona mstari mmoja tu, na binti yangu anabebea begi bega moja, hata umkemee. Nilirudi na kinyongo. Fundi hakubisha. Aliutoa, akakata kiraka cha mkanda wa begi la mgeni, akakiweka ndani kama mto, akashona mraba wenye msalaba katikati, pande zote mbili, bila kunitoza. Ule upande wa kushoto ulikuwa bado mzima lakini nao akaufanyia vilevile. Tangu hapo haujasogea. Ila ukiagiza, mwambie mapema ashone msalaba kwenye mikanda. Kwa bei ya 28,000 sikutakiwa kurudi.

Kasoro nyingine ni rangi ya koti kupauka bila usawa. Kifuani ni jekundu la damu ya mzee, kwenye kofia limekuwa la waridi. Mimi linanipendeza, binti hakupenda mwanzoni. Na bitana hamna, ukifungua unaona mishono yote, ingawa ameifunga vizuri haikwaruzi mkono.

Blanketi, 35,000. Hili nilimshonea mama yangu anayekaa Uru, ambako Juni na Julai baridi inaingia kwenye mifupa. Fundi alichukua mifuko miwili ya kulalia, ile yenye pamba ya plastiki ndani, akakata vichwa vyake, akafungua zipu, akaiunganisha ikawa moja pana. Ile ya manyoya ya bata haipokei kabisa, anasema ukikata manyoya yanajaa kibanda, na jirani yake anakaanga mihogo. Joto la blanketi ni la uhakika. Lakini mama alilalamika mambo mawili: linateleza, asubuhi analikuta sakafuni, na linapiga kelele kila akigeuka. Nilidhani ni manung'uniko ya wazee mpaka nilipolala nalo usiku mmoja. Ana haki. Nilirudisha, fundi akashonea khanga mbili upande mmoja, nikalipa 6,000 ya kazi na khanga nikaleta mwenyewe. Sasa halitelezi wala halisikiki, na mama halitoi hata mchana. Ukimwagizia mtu mzima, anza na khanga.

Aproni 10,000, sina la kueleza. Inafanya kazi. Mafuta ya moto yakirukia inayeyuka vidoa, kwa hiyo si ya kukaangia samaki.

Kuna mambo mama huyu anayakataa, na hayo ndiyo yaliyonifanya nimwamini. Siku moja nikiwa pale alikuja kijana, mwongoza watalii, na makoti matatu ya mvua anataka yageuzwe vibegi vya kuwauzia wageni. Fundi akayapima kwa bakuli lake. Mawili yalikuwa mazima kabisa. Akamrudishia. "Mwanangu, haya yana watu wake," akasema. "Kuna mgumu anapanda kesho na sweta." Kijana akaongeza bei. Mama akaendelea kukanyaga cherehani. Nilinyamaza, nikimkumbuka kijana mmoja tuliyepanda naye Machame mwaka wangu wa pili, amevaa koti la suti na raba zilizotoboka, tukamvua nguo zilizolowa pale Barranco akiwa haongei tena. Tulimfunika kwa mifuko yetu ya kulalia na kumnywesha uji wa moto, akapona. Wapo wasiopona. Hapa Moshi KPAP, shirika la kuwasaidia wabeba mizigo wa Kilimanjaro, wanawaazima wagumu nguo za mlimani bure, walianza 2003, na nguo nzuri isiyo na mtu mahali pake ni kule. Wenzangu wenye kampuni, wageni wenu wakiacha makoti, tafadhali yasiende kwa mkasi kama bado yanazuia maji. Naliandika hili kwa uchungu.

Jambo la pili ni nembo. Makoti ya kampuni yana jina limetariziwa kifuani. Yeye anakata lile jina, kipande kizima, anakurudishia mkononi. Hashoni begi lenye jina la kampuni likionekana mpaka mwenye kampuni aje mwenyewe. Sababu anaijua kila mtu wa stendi: vishoka wanavaa koti la kampuni wanamdaka mgeni anayeshuka kwenye basi, wanakula hela yake, na lawama inamwangukia mwenye jina. Sare za askari wa hifadhi ndiyo kabisa, hata ukimletea kitambaa kisicho na beji. Askari wale ni jeshi usu, na sheria ya nchi hairuhusu raia kuvaa sare za jeshi, hivyo hataki hata suruali yao ionekane kibandani. Kuna mtu alimletea buti na mkanda akidhani atafurahi, akaambiwa arudi navyo alikotoka.

Kwa anayetaka kwenda, haya ndiyo niliyojifunza.

Osha kwanza. Hapokei uchafu, na ana haki, hema la jiko lina harufu ya vitunguu vya miaka minne. Sabuni ya mche na maji ya baridi, sugua kwa brashi laini, anika kivulini. Usitumie sabuni ya unga yenye nguvu wala maji ya moto, utaubandua ule utando uliobaki. Usikate chochote nyumbani. Watu wanamletea vipande vilivyokatwa ovyo wakidhani wanamsaidia, na mara nyingi wamekata palepale penye uzima. Leta hema lote na mikanda yake.

Unalipa nusu kwanza, nusu ukichukua. Ukileta malighafi mwenyewe bei ndizo hizo nilizotaja. Ukitaka kutoka kwenye akiba yake, ongeza elfu tatu hadi tano kulingana na kitu. Kama kitambaa chako kina ziada anakukatia kwenye bei, kwangu alipunguza 4,000 kwa zipu nilizomwachia.

Muda ndio udhaifu wake mkubwa. Aliniambia wiki mbili, begi likachukua wiki tano. Simu haipokei akiwa kwenye cherehani. Kama shule inafunguliwa Januari, mpelekee Oktoba. Wakati mzuri kuliko wote ni masika, Aprili na Mei, mlima umepoa, kampuni zinasafisha stoo na yeye ana nafasi. Msaidizi anaye mmoja, binti anayejifunza, mshono wake bado haujanyooka. Ukiweza mwombe mama ashone mikanda yeye mwenyewe.

Nampa nyota nne. Ya tano ameikosa kwa ule mkanda na kwa tarehe zake.

Mkono mmoja wa koti jekundu umebaki kwake. Niliuona juzi, ameuviringisha, ameufunga kwa uzi, ameubandikia kikaratasi chenye jina langu na kuuweka rafu ya juu karibu na zipu. Binti anataka mfuko wa chupa ya maji wa kuning'iniza ubavuni mwa begi. Mama ameshapima upana wa mkono kwa chupa yenyewe, inaingia sawasawa, hata haina haja ya mshono wa ubavuni. Ameniambia Jumamosi ya baada ya Pasaka. Nimeandika ukutani jikoni, na pembeni nimeongeza wiki tatu.